Upawa wa Siku ya Soko

Saa tatu kamili asubuhi, si dakika moja kabla wala dakika moja baada, Milimita alitoka nyumbani kwake akiwa amevaa kofia ya kazi, akapita katikati ya kuku kama jenerali anayekagua gwaride, akasimama mbele ya kipimo cha mvua. Kipimo chenyewe kilikuwa mkebe wa bati uliosimikwa uani ndani ya kizimba cha waya, na ndani ya mkebe mlikuwa na faneli na chupa. Aliitoa chupa, akaiinamisha juu ya glasi ya kupimia, akasubiri. Hakikudondoka kitu. Akafungua daftari la serikali, akaandika kwa mwandiko ambao walimu wengi wangeuonea wivu: sifuri.

Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Ilikuwa na kofia, kalamu ya risasi, jina la utani lililomshika mpaka jina lake halisi likasahaulika, na sheria moja iliyochapwa ndani ya jalada la daftari: *Andika unachokiona kwenye glasi, si unachokidhani.* Milimita aliiamini sheria hiyo kuliko alivyoyaamini macho yake mawili, na hapo ndipo balaa lilipopata mlango wa kuingilia.

Alipoinua kichwa alimkuta Fundi Baiskeli amesimama nje ya ua. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma visogo vya watu. Fundi Baiskeli alikuwa amefungua mwavuli.

"Habari za mvua, Milimita?"

"Mvua gani? Na huo mwavuli wa nini?"

"Nimeingia kwenye eneo la mvua nyingi, ndugu yangu. Kifua changu kibovu, sitaki kuloa."

"Umelewa asubuhi yote hii?"

"Mimi mzima. Wewe nenda kasome mlangoni pa ofisi ya kilimo. Halafu ukirudi, uje na mabuti."

Akaondoka taratibu chini ya mwavuli wake, akiruka madimbwi ambayo hayakuwepo.

* * *

Mlangoni pa ofisi ya kilimo palikuwa pamebandikwa ramani, na mbele ya ramani palikuwa na watu kama thelathini waliokuwa kimya kwa namna ambayo si nzuri. Milimita aliamkia kila upande. Salamu zake zilipokewa kwa mikupuo, kama dawa chungu.

Ramani ilikuwa na rangi mbili. Njano ilimaanisha kwamba mvua imepungua, kwa hiyo wakulima wa huko watapewa mbegu mpya za mtama wa siku tisini, na kunde, na kalenda mpya ya kupandia. Kijani ilimaanisha kwamba mvua ni ya kutosha, waendelee na mahindi yao ya miezi mitano kama walivyozoea. Tarafa nzima ilikuwa ya njano. Katikati ya njano hiyo palikuwa na kijiji kimoja cha kijani, kama jani lililonata kwenye shati jipya.

Milimita hakuhitaji kuambiwa ni kijiji gani.

Ofisa wa kilimo alitoka nje akiwa na funguo mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, lakini watu walimwita Bwana Shamba kama walivyowaita wote waliomtangulia, kwa kuwa cheo kilikuwa kimeshazoeleka na yeye alishachoka kukirekebisha.

"Mzee, usinitazame hivyo," alisema. "Nilipeleka ulichoandika. Makao makuu wanapanga kilimo cha nchi nzima upya, nani apande nini, apande lini. Wanapanga kwa vipimo, si kwa malalamiko."

"Lakini mahindi yangu nayo yalikaukia njiani, kama ya kila mtu!"

"Basi kuna mmoja anadanganya. Ama mahindi yako, ama glasi yako."

"Glasi haidanganyi," alisema Milimita, akiwa amenyooka.

"Basi tupikie hiyo glasi tule!" alidakia mama mmoja kutoka nyuma. Watu wakacheka, ila kicheko chao hakikuwa na sukari. Msimu uliopita mvua ilikatika wakati mahindi yanatoa mbelewele. Kila shamba pale lilivunwa mabua. Mzee mmoja alisema, bila hata kupandisha sauti, kwamba wakipanda mahindi ya miezi mitano mwaka huu tena, mwakani watakaokuja kusoma ramani watakuwa wachache.

"Kuna nafasi moja," Bwana Shamba alisema. "Ijumaa ya wiki ijayo anakuja mkubwa wa takwimu kutoka makao makuu kuifunga orodha. Mwenye hoja alete siku hiyo. Baada ya hapo lori la mbegu linaondoka, na likishapita limepita."

Milimita alirudi nyumbani. Njiani alipishana na watu watano, na watatu kati yao walikuwa wameshajifunza mchezo wa mwavuli.

* * *

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa barazani ambako mwanga ulikuwa mzuri. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuondoa mguu kwenye pedali. Mama yake Milimita, bikizee mwembamba aliyenyooka kama mchi, alikuwa ameketi kando akichambua maharage, na kwa jinsi alivyoinamia ungo ungedhani maharage yale yalikuwa na siri.

"Lete hilo daftari," alisema mkewe.

"Hili ni daftari la serikali."

"Na hiyo suruali ya kufungulia daftari la serikali ameishona nani? Lete."

Akalisoma kama anavyosoma nguo iliyoletwa kurekebishwa, akipitisha kidole kwenye mistari. Cherehani ikanyamaza.

"Baba watoto, mwenzio akishona kwa kukimbia, kuna mahali sindano inaruka. Ukishaona inaruka mahali palepale kila baada ya shubiri moja, unajua tatizo si kitambaa, ni mashine. Sasa tazama. Alhamisi, tisa. Alhamisi, tisa. Sifuri, sifuri, sifuri, Alhamisi tisa. Hapa Alhamisi sifuri. Halafu tena, tisa."

"Ni mvua za kupitia. Mvua huchagua pa kunyesha."

"Ichague pa kunyesha, sawa. Na siku je? Unasoma glasi Alhamisi asubuhi, maana yake maji yaliingia Jumatano. Jumatano ni nini?"

"Siku ya soko."

"Siku ya soko, sisi wote tuko sokoni, ng'ambo ya kilima, tunarudi alasiri. Mvua gani hiyo yenye adabu ya kusubiri wenyewe watoke?"

Milimita alivua kofia. Ni jambo alilolifanya msibani tu.

"Mtu anatia maji," alinong'ona. "Mtu ananihujumu. Na namjua. Ni yule wa mwavuli!"

Bikizee alimwaga maharage mabovu kwa kuku, akasema anakwenda kulala kidogo, mgongo unamsumbua. Kabla hajaingia ndani akageuka. "Ulisema hao wageni wanakuja Ijumaa?"

"Ijumaa, Mama."

"Wangapi?"

"Wawili, mkubwa wa takwimu na Bwana Shamba. Usihangaike nao."

"Mimi nihangaike nini," alisema bikizee, akaingia ndani.

* * *

Jumatano ilipofika, mume na mke waliaga kwa sauti kubwa kuliko kawaida, wakabeba vikapu vitupu, wakafuata njia ya soko mpaka walipofichwa na kona. Hapo wakakata kulia, wakarudi wameinama nyuma ya mabua, wakaingia kwenye ghala lao la mahindi, ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa na nafasi ya kutosha. Kupitia ufa wa ubao waliona ua wote. Milimita alikuwa na mchi mkononi.

"Wa nini huo?" mkewe alinong'ona.

"Wa kumpokea Fundi Baiskeli."

"Ukimpiga mtu na mchi wangu, utatwanga kwa viganja."

Walisubiri. Kuku alitaga, akatangaza. Panya mmoja alipita juu ya mguu wa Milimita, akatazama ghala lilivyo, akatoka kwa masikitiko. Halafu mlango wa jikoni ukafunguliwa.

Alitoka bikizee. Alikuwa amejifunga kitambaa safi kichwani. Mkono wa kushoto alishika ndoo, mkono wa kulia upawa wake wa bati, ule aliokuja nao siku alipoolewa. Kwanza alinyunyiza maji uani, kidogo kidogo, kama mtu anayetaka kufagia. Halafu akafungua kizimba cha waya, akachota upawa mmoja, akaufuta chini kwa kiganja ili usichuruzike, akaumimina katikati ya faneli. Hakudondosha hata tone. Alipomaliza alikipigapiga kile kipimo mgongoni kwa upole, kama mtoto aliyekwisha kunyweshwa.

Ndani ya ghala, mchi uliteremka chini wenyewe.

"Mimi sikuona kitu," mkewe alisema haraka. "Mkwe hamshtaki mama mkwe. Huyo ni mama yako. Nenda."

* * *

Bikizee hakushtuka alipomwona mwanawe akitoka ghalani na makapi kichwani. Alimtazama tu kama aliyechelewa chakula.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nakinywesha."

"Mama, kile ni kipimo! Kinapima mvua! Serikali inataka kujua mvua iliyonyesha ni kiasi gani!"

"Najua ni kipimo, mimi si mjinga. Lakini yule mgeni wako wa ofisi ya kilimo alikuwa anakuja kila mwezi. Anafika, anafungua, anakuta kitupu. Anatikisa kichwa. Anasema, 'Mzee, hapa kwenu hakuna kitu.' Mbele yangu! Mimi nimepokea wageni katika nyumba hii tangu baba yako yuko hai, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufunuliwa chombo kitupu. Nikasema, kama wanachotaka ni maji, maji si ninayo?"

"Lakini alikuja mara moja kwa mwezi. Wewe umetia kila wiki!"

Bikizee aliweka ndoo chini. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kumkwepa machoni.

"Hayo mengine nilikutilia wewe."

"Mimi?"

"Ukisoma sifuri, huli. Unarudi na uso wa mtu aliyefiwa, unasukuma bakuli, unasema umeshiba. Umeshiba nini, sifuri? Lakini ukikuta maji unaingia unapiga mluzi, unamaliza bakuli unaomba tena. Nikaona basi, angalau Alhamisi mwanangu ale."

Milimita alivua kofia. Alikuwa ameandaa maneno mazito sana kwa ajili ya Fundi Baiskeli, na hakuna hata moja lililofaa hapa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia mapajani, akawaza. Akisema ukweli Ijumaa, mama yake atachekwa mpaka aingie kaburini, na kofia itakwenda. Asiposema, kijiji kitabaki kijani, na kijani hicho hakiliki.

"Nitasema nilikosea kuandika," alimwambia mkewe baadaye. "Nitasema mimi nilikuwa nasoma vibaya. Yaishie kwangu."

"Wewe? Usome vibaya?" Mkewe alikata uzi kwa meno. "Jaribu basi. Uone kama kuna atakayeamini."

* * *

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, kwa hiyo wakulima wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mkubwa wa takwimu alikuwa mtu mfupi mwenye miwani na begi la ngozi, na kabla ya saa moja kupita alikuwa ameshapewa jina la Bwana Takwimu. Alifungua daftari la Milimita, akalipekua, akatikisa kichwa kwa furaha kidogo.

"Mwandiko mzuri kweli," alisema. "Haya, nani ana hoja?"

Milimita alisimama. Dawati lilisimama naye, likabidi mtu alivute.

"Bwana mkubwa. Daftari hilo lina makosa. Nilisoma vibaya. Mvua niliyoiandika haikunyesha yote."

Darasa lilivuma kama mzinga. Fundi Baiskeli, aliyekuja na mwavuli wake makusudi, aliuweka chini ya dawati polepole. Hata yeye hakutegemea hilo.

"Ulikosea siku ngapi?" Bwana Takwimu aliuliza.

"Nyingi."

"Zipi?"

"Sizikumbuki."

Bwana Takwimu alilifunga daftari, na kofi la jalada lilisikika mpaka dirishani. "Basi nasikitika. Takwimu chafu hutupwa zote. Kijiji hiki sasa si cha kijani wala cha njano, hakina rangi. Mtaweka kipimo kwa mwangalizi mwingine, tutaanza upya, na msimu ujao tutawafikiria."

"Msimu ujao!" alipiga kelele yule mama wa nyuma. "Tutakuwa tumekula madawati!"

Katikati ya zogo hilo mlango ulifunguliwa, akaingia bikizee na kitambaa chake safi kichwani, amebeba kitu kilichofungwa kwenye nguo kama kichanga. Mkwewe alimfuata nyuma na ndoo ya maji. Watu walinyamaza, kwanza kwa heshima, halafu kwa udaku.

"Kaa chini, mwanangu," alisema bikizee. "Hujawahi kukosea kuandika tangu darasa la kwanza. Anayejua siku zile ni mimi."

"Mama, tafadhali..."

"Kaa."

Milimita alikaa. Bikizee akafungua kitambaa, akaweka upawa juu ya meza ya mwalimu, akaeleza: chombo kitupu, mgeni anayetikisa kichwa, upawa mmoja kila siku ya soko. Ya bakuli la mwanawe hakuyasema. Kicheko kilianzia madawati ya nyuma, kikaja mbele kama ng'ombe waliokata kamba. Fundi Baiskeli alicheka mpaka akashikilia ukuta. Bwana Shamba alijificha nyuma ya faili, na Bwana Takwimu akafuta miwani iliyolowa machozi. Milimita aliitazama sakafu, akaomba ifunguke, ikakataa.

Bikizee aliwaacha wacheke. Alisubiri kama anavyosubiri maji yachemke. Walipoanza kuchoka, alimgeukia Bwana Takwimu.

"Umemaliza kufuta miwani, baba? Sasa pima."

"Nipime nini, bibi?"

"Upawa wangu. Umesema mwanangu ameandika uchafu. Mimi nimepakua kwa upawa huu miaka hamsini, watu kumi na wawili chungu kimoja, na hakuna mtoto aliyewahi kusema mwenzake kapata zaidi. Pima."

Bwana Takwimu alimtazama Bwana Shamba. Bwana Shamba alikuwa ameshakwenda kuleta kipimo cha akiba kutoka ofisini kwake.

Bikizee alichota, akafuta chini kwa kiganja, akamimina. Bwana Takwimu akainamia glasi. "Tisa." Akamwaga. Bikizee akachota tena. "Tisa." Tena. "Tisa." Kufikia mara ya sita darasa zima lilikuwa linahesabu kwa pamoja, na mara ya kumi Bwana Takwimu alivua miwani, akaipangusa, akavaa, akainama mpaka pua ikagusa glasi.

"Tisa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona kitu kisicho cha kawaida. "Mara kumi, tisa. Bibi, makao makuu tuna mashine hazifanyi hivi."

"Hazijalea watoto."

"Lakini haitoshi kujua kipimo. Lazima nijue siku. Ulitia kila Jumatano bila kukosa?"

"Msimu ule ulikuwa na siku za soko kumi na sita. Moja niliugua tumbo, sikutoka. Moja tulikuwa msibani kwa fundi seremala. Na mbili ilinyesha kweli, sikutia kitu. Mgeni aliyeshiba humpakulii tena."

Hapo mkewe Milimita alitoka nyuma ya ndoo. Hakumshtaki mama mkwe, alifungua daftari tu, na kidole chake cha mshonaji kikaenda moja kwa moja. "Wiki ya msiba wa seremala: Alhamisi, sifuri. Wiki aliyougua: Alhamisi, sifuri. Hizi mbili za mvua: ishirini na mbili, na thelathini na moja. Zilizobaki kumi na mbili, zote tisa. Hakuna nane, hakuna kumi."

Bwana Takwimu alichukua chaki. Aliandika ubaoni: mvua ya msimu iliyoandikwa, mia tatu arobaini na mbili. Chini yake akaandika kumi na mbili mara tisa, mia moja na nane. Akapiga mstari.

"Mia mbili thelathini na nne!" darasa lilijibu kabla yake, wakulima wazima, kama watoto wa darasa la nne wanaotaka kwenda nyumbani.

"Mpaka wa njano ni mia tatu," alisema Bwana Takwimu.

Watu waliinuka nusu kutoka kwenye madawati.

"Na daftari hili," aliendelea, akiligeuzageuza, "si chafu. Huyu bwana aliandika alichokiona, kila siku, bila kuongeza wala kupunguza. Angepunguza hata siku moja kwa kuona haya, angeandika nane hapa na saba pale ili ifanane na mvua ya kweli, nisingeweza kumtoa bibi humu ndani. Limekuwa safi kwa sababu yeye ni mbishi." Akachomoa kalamu ya rangi mfukoni, akatandika ramani mezani, akakiinamia kile kijiji cha kijani, akakipaka njano mpaka karatasi ikatoboka.

Madawati yalianguka. Yule mama wa nyuma alimbeba bikizee mabegani bila kuomba ruhusa, na bikizee alikubali, mradi mtu amshikie upawa. Bwana Takwimu aliomba aondoke nao, ukahifadhiwe kwenye jalada kama ushahidi.

"Halafu jikoni kwangu utakuja kupakua wewe?" aliuliza bikizee kutoka juu.

Bwana Takwimu alisafiri bila upawa.

* * *

Mbegu zilifika. Wapo waliozitazama kwa dharau, wakasema mtama ni wa kuku, lakini walisema huku wamepanga foleni. Walitayarisha mashamba, wakachimba vishimo vya kuzuia maji kama Bwana Shamba alivyoelekeza, wakakaa wakitazama juu. Kalenda mpya ilisema wasipande mpaka kipimo kithibitishe mvua ya kwanza.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatano.

Alhamisi saa tatu kamili Milimita alivaa kofia, akapita katikati ya kuku, akainamisha chupa juu ya glasi. Alitazama mara moja. Akatazama tena. Akapiga simu ofisini.

"Bwana Shamba, mvua imenyesha. Ni... ni tisa."

Upande wa pili zilisikika karatasi za kalenda zikifunuliwa.

"Mzee," Bwana Shamba alisema, "jana bibi alikuwa wapi?"

"Sokoni! Tangu siku ile tunakwenda naye kila wiki, tena namshika mkono! Alikuwa chini ya mwavuli wa Fundi Baiskeli, kibanda chake kinavuja, waliloa wote wawili. Muulize!"

Fundi Baiskeli aliulizwa. Alikiri mbele ya mashahidi kwamba maji yaliyomloanisha yalitoka juu, kwamba bibi hakuwa na ndoo, na kwamba mwavuli umetoboka na yeye hatautania tena. Siku hiyo hiyo kijiji kizima kilipanda.

Mvua za msimu huo zilikuwa chache hata kuliko za mwaka uliopita: mia mbili na kumi na moja, zote za mbinguni. Ziliondoka mapema, wakati mahindi ya miezi mitano yangekuwa bado yanajifikiria. Mtama haukusubiri. Ulisimama shamba kwa shamba, masuke mekundu yameinama kwa uzito, na watu wakavuna mpaka wakaishiwa magunia, wakashonewa mengine barazani kwa Milimita, ambapo cherehani haikupumzika. Fundi Baiskeli alisomba mzigo wa bikizee kwa baiskeli, safari saba, bila malipo na bila mzaha.

Bwana Shamba alikuja kukagua asubuhi moja ya jua kali, wiki mbili baada ya mavuno. Bikizee alimwona kutoka mbali. Kabla mgeni hajafika kwenye kipimo alishawekewa kiti, na kwenye kiti bakuli, na kwenye bakuli uji wa mtama, upawa mmoja, halafu wa pili.

"Bibi, huu mwingi mno."

"Kunywa. Ile chupa utaikuta tupu, mimi sihusiki nayo tena. Hili ndilo lako."

Milimita aliinamisha chupa juu ya glasi, akasubiri. Hakikudondoka kitu. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: sifuri. Akafunga daftari, akavua kofia, akaja barazani. Bikizee alisimama na upawa hewani, akimtazama mwanawe usoni.

Milimita alivuta bakuli. Alikunywa mpaka chini, akapangusa mdomo, akalinyoosha kwa mama yake.

"Ongeza," alisema, akaanza kupiga mluzi.